Mwanya Kati ya Maharusi

Kilichoanza ni mwanya tu, jamani. Mwanya mwembamba wa kupitisha kiganja, kati ya bega la bwana harusi na bega la bibi harusi, na Grasiana aliuona kwa jicho moja, lile lililokuwa kwenye kamera.

"Frank, msogelee mkeo bwana! Au umeshamchoka hata pilau hatujala?"

Watu wakacheka pale kwenye ngazi. Frank naye akacheka. "Shemeji, nikisogea zaidi nitamkanyaga gauni. Tumegusana hapa."

Grasiana akashusha kamera, akatazama kwa macho yote mawili. Kweli, walikuwa wamegusana, bega kwa bega, hata sindano isingepita. Akairudisha kamera usoni. Mwanya ule pale, na ukuta mweupe wa jumba ukionekana nyuma yake. Akaisingizia lenzi. Aliinunua mtumba kwa fundi mmoja wa Tanga, na kitu cha mtumba hakikosi visa. Akapiga picha.

Huyu Grasiana ukiuliza Korogwe utaonyeshwa. Studio yake iko jirani na stendi, na mdomo wake unajulikana kuliko kamera yake. Anaweza kumchekesha mkwe aliyenuna. Na ana mwito wake ambao watoto wa mjini wanauigiza wakicheza harusi. Akishawapanga maharusi, wazazi na wapambe kwa picha ya pamoja, huweka kiganja mdomoni na kupaza sauti: "Aliyebaki aje! Ndugu, jamaa, jirani, aliyebaki aje, asije akasema hakuitwa!" Huita mara tatu. Usimcheke. Kule kwetu mtu akikosa picha ya pamoja atanuna mpaka apate wajukuu, na msiba wako hatahudhuria. Mwito ule ulikuwa kinga yake.

Siku hiyo aliita kwa nguvu kuliko siku zote, maana bibi harusi alikuwa Pendo, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alifariki Pendo akiwa bado anakojoa kitandani, na Grasiana ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfunda. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Alitaka picha ambazo Handeni na Korogwe hazijapata kuziona, na ndiyo maana akalichagua jumba.

Jumba lenyewe liko juu ya kilima, njia ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, ndani ya shamba la mkonge lililokufa zamani. Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, imebaki kutu, kambi za manamba zimeota magugu, lakini nyumba ya meneja wa kizungu ilinunuliwa na mtu wa Dar, akaipaka rangi upya na kuikodisha kwa maharusi. Ina baraza pana na ngazi za mawe. Chini ya baraza kuna tangi la kukingia maji ya mvua, limechimbwa ardhini, na mfuniko wake wa chuma umelala kwenye majani. Hakuna aliyeuangalia.

Mtu mmoja tu alikataa kwenda pale. Ni Mzee Mdoe, babu yake Frank, aliyekuwa nyapara wa shamba lile ujanani. "Kanisani nitakuja, ukumbini nitakuja. Pale sikanyagi," alisema. Grasiana akamfuata mwenyewe nyumbani kwake Kwamsisi, akapiga magoti, akambembeleza. "Babu, picha ya ukoo bila wewe ni ugali bila mboga." Mzee akashindwa na mdomo ule. Akaja, akaketishwa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, jasho likimtoka ingawa upepo ulikuwa unavuma.

Kisha Grasiana akaita, "Aliyebaki aje!" mara ya kwanza, ya pili, na alipomaliza ya tatu upepo ukakatika. Ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa mgando ya kwenye kibuyu, yale ya wafugaji yenye moshi moshi ndani yake. Matroni akaziba pua na kuuliza nani kaja na maziwa kwenye harusi. Mzee Mdoe peke yake aligeuza shingo kutazama nyuma yake, na hapo ndipo mwanya ulipotokea kwenye kamera.

Picha za kabla ya mwito hazikuwa na kasoro. Za baada ya mwito zote zilikuwa na mwanya, na katika zote mzee alikuwa ametazama pale pale penye mwanya.

Grasiana alichagua ile yenye afadhali, ya maharusi na babu yao tu, akaichapisha kubwa, akaitia fremu ya dhahabu na kuipeleka Handeni mjini, nyumbani kwa maharusi. Ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni, ikavishwa maua ya plastiki kama desturi.

"Dada, mbona hapa tumeachana?" Pendo akauliza.

"Lenzi hiyo, mdogo wangu. Usiitazame sana."

Mwezi haukuisha, Pendo akapiga simu. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, picha inasogea."

"Inasogea vipi? Imelegea msumari?"

"Mimi ndiye ninayesogea, dada. Ndani ya picha. Njoo."

Grasiana akafunga studio, akapanda gari la kwanza. Alipoingia sebuleni hakukumbuka hata kusalimia. Kwenye picha, kati ya Frank na Pendo, palikuwa na nafasi ya mtu mzima kusimama. Pendo alikuwa amesukumwa mpaka ukingoni, na mkono wake mmoja ulikuwa umekatwa na fremu. Bado alikuwa anatabasamu, maskini, tabasamu lile lile la siku ya harusi.

Wakajifungia jikoni. Pendo alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Nikilala kitandani naamka sakafuni," alinong'ona. "Nikadhani ni ndoto. Baadaye nikawa naamka mlangoni pa chumba. Juzi nimeamka nje, dada, langoni, na mlango wa nyumba umefungwa kwa ndani."

"Na Frank?"

"Frank ananiongelesha akitazama pembeni yangu. Jana nimempakulia chakula, akasogeza sahani katikati, akasema, 'Kula basi, mbona huli?' Hakuwa ananiambia mimi." Akaanza kulia bila sauti. "Nanukiwa na maziwa kila mahali. Mimi nakwisha, dada. Najihisi."

Mchana ule, jua likiwa kali na watoto wa jirani wakicheza rede nje, Grasiana aliketi sebuleni na wenye nyumba. Frank alikuwa upande mmoja wa kochi na Pendo upande mwingine, amejibana kwenye mkono wa kochi. Grasiana akasikia mlio mdogo, kama bati jembamba likigonga bati, mlio wa mapambo ya shingoni mtu anapopumua. Akachukua kamera kwenye mkoba, akajifanya anaifuta, akaiinua usoni, na humo ndani ya kamera akaona mto wa kati wa kochi umebonyea, umebonyea kama unavyobonyea mtu akikaa, na kitambaa chake kimelowa kikawa cheusi, na ule weusi ukatambaa taratibu kuelekea kwa mdogo wake, na kadiri ulivyotambaa ndivyo Pendo alivyojisogeza bila kujua kuwa anajisogeza, nusu ya paja ikawa hewani, kisha paja zima, huku Frank akitabasamu na kuuweka mkono wake, polepole, kwa mapenzi, juu ya bega ambalo halikuwepo.

Pendo akaanguka sakafuni. Frank hakugeuka.

Paroko aliitwa, akasali, akanyunyiza maji ya baraka nyumba nzima, na harufu ikahamia jikoni. Alipoondoka ikarudi sebuleni. Hapo Grasiana, Mkristo wa kila Jumapili, akaitoa picha ukutani, akaifunga kwenye khanga na kukodi bodaboda mpaka Sindeni kwa Bi Afisa.

Bi Afisa ni mganga asiyependa maneno mengi wala wateja wenye machozi. Grasiana alimkuta akipembua mbaazi. Hakuuliza jina wala shida. Akaipokea picha, akainusa kama mtu anusavyo samaki wa sokoni, akaiweka chini haraka.

"Hili si jini," akasema. "Majini nayajua, mengine mapumbavu tu, ukiyapa ubani na matusi yanahama. Huyu ni mtu. Nani alimwita?"

"Hakuna aliyemwita, mama."

"Usinidanganye. Huyu kaja kwa mwito."

Grasiana akasema kwa sauti ndogo sana, "Aliyebaki aje."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Eee!" Bi Afisa akaupiga ungo kwa kiganja. "Mwanamke mzima! Penye nyumba ya watu wa kale unaita bila jina? Mama yako hakukufundisha kuwa mtu huitwa kwa jina lake, ili asiyeitwa akae alipo? Sasa unataka nimfukuze. Simfukuzi mimi. Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito. Yeye hakukataa wito, ana kosa gani?"

"Ana kosa gani? Anamuua mdogo wangu!"

"Anachukua nafasi aliyoahidiwa." Akamwonyesha Mzee Mdoe kwenye picha kwa ncha ya kidole. "Kamuulize huyu anayemtazama. Kisha mgeni aitwe tena, mahali pale pale, na yule aliyemwahidi. Aitwe kwa jina, apigwe picha yake, aondoke na mwenyeji wake. Na sikiliza vizuri. Kila aliyemo aitwe. Kila aliyemo."

"Aondoke na mwenyeji wake, maana yake nini?"

Bi Afisa akarudi kwenye mbaazi zake. "Umeelewa," akasema.

Mzee Mdoe alikuwa nyuma ya nyumba yake, anapukuchua mahindi. Alipomwona Grasiana na ile khanga, mikono ikasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Kisha, kabla hajaulizwa, "Amefika wapi?"

Grasiana akafungua khanga. Nusu ya uso wa Pendo ilikuwa imeshaliwa na fremu. Lilibaki jicho moja, shavu na ua.

Mzee akaongea akiyatazama mahindi. Binti aliitwa Naitoi. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa nyikani, na yeye alikuwa akileta maziwa jikoni kwa mzungu. Mdoe alikuwa nyapara kijana mwenye baiskeli na maneno matamu. Akamwahidi ndoa. Binti akapata mimba, na tumbo likaonekana. Kumbe nyumbani kwa akina Mdoe wameshaposa kwingine, harusi ya kanisani, na mzungu kaahidi kuwapiga picha maharusi kwenye ngazi za jumba lake. Siku yenyewe Naitoi akatokea. Alikuwa amevaa shanga zake zote na mapambo yote ya bati, maana Mdoe alikuwa amemwambia siku ya picha ndiyo itakuwa siku yao.

"Ungemfukuza basi," Grasiana akasema.

"Angepiga kelele. Watu walikuwa wanapanda kilima." Mzee akageuza hindi mkononi. "Tangi lilikuwa tupu, kiangazi. Nikamwambia ashuke akae humo, asionekane kwanza. Nikamwambia, 'Nitakuita wakati wa picha.' Akashuka mwenyewe, mwanangu. Akanipa kibuyu nimshikie. Nikafunga mfuniko."

"Ukamwita?"

"Sikumwita."

"Ukarudi lini kumfungulia?"

"Usiku ule mvua ilinyesha. Ya kwanza ya vuli, kubwa. Niliisikia ikianza. Nilikuwa kitandani na mke wangu." Akaokota punje moja, akaitupa. "Ndugu zake walipokuja kumtafuta, nikasema nilimwona anapanda basi la Tanga."

Grasiana alikuwa amekuja na huruma kidogo, kwa sababu ya zile mvi. Ikamwisha yote. Alimchukia mzee yule kwa chuki iliyomjaa mpaka kooni. Alimchukia kwa ajili ya msichana aliyekaa gizani akisubiri jina lake, na alimchukia zaidi kwa ajili ya Pendo.

"Simama, babu. Twende."

"Mimi ni mzee, mwanangu. Nimebakiza siku ngapi?"

"Naye alikuwa msichana. Vaa koti."

Alilivaa koti lake la harusi. Hakuuliza atarudi saa ngapi, na Grasiana hakumwambia.

Walifika jumbani alasiri, jua bado lipo juu na mawe ya ngazi yanaunguza. Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Grasiana akaweka kiti pale pale pa siku ya harusi, akamketisha mzee, akarudi nyuma, akainua kamera. Kushoto kwa mzee palikuwa na nafasi iliyoachwa wazi.

"Mwite."

Mzee akanong'ona kitu.

"Kwa sauti, babu. Alisubiri sana huyo, hasikii vizuri."

"Naitoi!" Sauti yake ilivunjika katikati. "Naitoi, njoo. Picha tayari."

Chini ya baraza chuma kikakwaruza jiwe.

Kisha ikaja harufu, nzito, maziwa na moshi na maji yaliyolala, na nyuma ya harufu ukaja ule mlio wa bati, kwanza chini ardhini kama uko ndani ya mtungi, halafu nje kwenye majani, halafu kwenye ngazi, ngazi moja baada ya nyingine bila haraka, na Grasiana akaziona nyayo zikijichora kwenye mawe ya moto, nyayo ndogo za mtu asiye na viatu, zenye maji, na jua lote lile lisizikaushe, zikapanda mpaka kwenye kiti, zikageuka, zikasimama upande wa kushoto wa mzee, zikielekea kwenye kamera, vidole vimekaa sawa kama vya mtu aliyeambiwa asitikisike, kisha koti la mzee likabonyea begani kama limewekewa mkono, na pale palipobonyea maji yakaanza kutoka, yakateremka kifuani, yakalowesha suruali, na mzee akakohoa, na alipokohoa mara ya pili maji yakamtoka mdomoni, maji meusi yenye majani, akafumbua mdomo avute hewa na hewa haikuwepo, akawa anazama pale juu ya kiti, kwenye jua kavu la Korogwe, macho yamemtoka yakimtazama Grasiana, yakimwomba.

Angeweza kushusha kamera. Neno hili analijua yeye mwenyewe, na hajalisema kwa mtu.

"Sogeaneni kidogo," Grasiana akasema. "Hapo hapo. Tabasamu, babu."

Akabonyeza.

Daktari aliandika ni moyo, umri umekwenda. Waliomwosha marehemu walisema maji hayakuisha kumtoka, wakabadilisha shuka tena na tena, wakaogopa kumwambia mtu. Alizikwa Kwamsisi kwa heshima zote, na Grasiana alipiga picha za mazishi. Mlinzi wa jumba aliukuta mfuniko wa tangi uko wazi, na chini, kwenye tope, mifupa iliyovaa shanga. Watu wa nyikani wakaja kumchukua binti yao, wakampeleka kwao kumpumzisha.

Na Pendo akarudi. Kwenye picha alikuwa amesimama bega kwa bega na mumewe, mzima, na kiti cha mbele kikiwa kitupu. Harufu ikaisha. Frank akaamka asubuhi moja, akamkumbatia mkewe, akauliza mbona amekonda namna ile, na Pendo akacheka na kulia kwa pamoja. Grasiana aliacha ule mwito wake. Siku hizi huwaita watu kwa majina, mmoja mmoja, hata kama ni mia mbili, na MC anayelalamika humpa jicho.

Baada ya muda Pendo akashika mimba. Ilipokuwa kubwa, Grasiana alikwenda Handeni na khanga za uzazi na unga wa ulezi. Nyumba ilikuwa na furaha. Frank alikuwa anapaka rangi kitanda kidogo. Pendo akaenda kumtengenezea dada yake chai, na Grasiana akainua macho kuitazama picha, kwa mazoea tu.

Mabega yalikuwa yamegusana. Lakini chini ya mabega, kati ya gauni na suruali, palikuwa na mwanya. Ulikuwa mfupi, wa kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Na ile mikono ya maharusi iliyokuwa imeshikana siku ya harusi ilikuwa imeachana, kila mmoja umeteremka upande wake, vidole vimekunjwa kidogo, kama wanamshika mtu mdogo huku na huku.

Kila aliyemo, alisema Bi Afisa. Kila aliyemo aitwe kwa jina. Grasiana alikuwa amemfanya mzee amwite mmoja tu. Na huyu wa pili, aliyekuwa tumboni mwa Naitoi, angemwita nani? Hakuwahi kuzaliwa akapewa jina.

Pendo akarudi na chai ya maziwa. Ilinukia moshi. Alikuwa amelishika tumbo kwa mkono mmoja, anatabasamu.

"Dada, Frank anasema jina utatoa wewe. Sisi tumeshindwa. Kila tunalotaja mtoto anapiga teke mpaka naumia." Akasogea karibu, akashusha sauti, nusu anacheka, nusu anaogopa. "Tena usiku namsikia anaongea humu ndani, usinicheke. Ni neno moja tu. Anasema, 'Na mimi?'"